Umbali wa Songea Uhesabiwe Kuanzia Mlangoni

Ukichukua ramani na rula, ukaunganisha uwanja wa ndege wa Songea ulioko Ruhuwiko na uwanja wa Julius Nyerere jijini Dar es Salaam, utapata takriban kilomita 580. Ndege ya Q400, ambayo Shirika la Ndege Tanzania limekuwa likiitumia kwa safari za mikoani, huenda zaidi ya kilomita 600 kwa saa ikishatulia angani. Ongeza dakika za kutembea ardhini, kupaa na kushuka, safari nzima inakuwa kama saa moja na dakika 20. Kwa barabara, kupitia Njombe, Makambako, Iringa na Morogoro, ni takriban kilomita 950.

Hizo ndizo hesabu tunazopewa kila inapozungumzwa habari ya usafiri wa kusini. Zinatajwa majukwaani, na mgeni anazikuta kwenye simu yake kabla hajafunga begi. Ni hesabu za kweli. Lakini mkazi wa Mfaranyaki, hapa Songea, mwenye barua ya rufaa mkononi, au aliyepigiwa simu ya msiba usiku wa manane, hazimwambii jambo moja analotaka kulijua: akiondoka kwake, atafika lini?

Hoja yangu ni kwamba umbali wa mji kama Songea upimwe kwa saa anazotumia mtu tangu haja ya kusafiri inapomfika mpaka anapobisha hodi anakokwenda, pamoja na uhakika wa saa hizo. Kipimo hicho kikitangazwa, na wenye dhamana wakabanwa nacho, maamuzi mengi kuhusu ndege, viwanja na barabara za kusini yatabadilika. Tukiendelea kupimiana kilomita za ramani na dakika za angani, tutaendelea kushangilia mambo yasiyomfikisha mtu.

Safari ya mashariki inayoanza kwa kwenda magharibi

Tuanze na barabara, maana ndiyo inayobeba wengi wetu. Dar es Salaam iko kaskazini mashariki ya Songea. Basi likiondoka linashika njia ya kaskazini magharibi. Linapanda kona za Lukumburu, linaingia kwenye baridi ya Njombe, kisha linatokea Makambako na kuikuta barabara kuu itokayo Mbeya. Makambako iko magharibi zaidi kuliko Songea yenyewe. Abiria amekwisha kukaa kitini karibu kilomita 300. Weka rula tena kutoka hapo hadi Dar es Salaam: zimebaki kama kilomita 530. Kilomita 300 za barabara zimempunguzia kama kilomita 50 tu za umbali wa kweli kati yake na aendako.

Baada ya hapo ndipo basi linageuza uso kuelekea bahari. Linapita Iringa, linashuka mlima wa Kitonga nyuma ya malori, linapita Ruaha Mbuyuni kwenye mafungu ya vitunguu, linapunguza mwendo Mikumi kwa ajili ya wanyama, kisha Morogoro na foleni za kuingia jijini. Mabasi ya abiria nchini hayaruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na kwenye makazi ya watu ni 50. Gawanya 950 kwa 80: hata basi lisiposimama popote, lisipunguze mwendo hata mara moja, linahitaji karibu saa 12. Ukiweka milima, vijiji, mizani, chakula na ukaguzi, saa 14 ni safari iliyokwenda vizuri.

Kwa nini basi lizunguke namna hiyo? Kwa sababu mstari ulionyooka kati ya Songea na Dar es Salaam unapita juu ya Pori la Akiba la Selous na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyomegwa kutoka Selous mwaka 2019 ikiwa na ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 30,000. Ni nchi ya tembo, miombo na matawi ya Rufiji, na tangu 1982 Selous imo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Sina ugomvi na hifadhi. Ila tusidhani kwamba nchi hiyo ilikuwa tupu tangu mwanzo. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 viliiachia kusini njaa na vijiji vilivyochomwa, kwa kuwa majeshi ya Wajerumani yaliteketeza mashamba na maghala makusudi. Miaka ya 1940, serikali ya kikoloni ya Waingereza ikahamisha watu wa upande wa Liwale kwa sababu ya malale, na pori likapanuliwa walikokuwa wakiishi. Mzunguko anaokalia abiria wa leo umechorwa na vita, ugonjwa na maamuzi ya watawala.

Reli nayo ilikuja ikaondoka. Mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 ulijengewa bandari ya Mtwara na reli ya kuelekea Nachingwea. Mradi ulishindwa ndani ya miaka michache, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikang'olewa. Haikufika Songea wala haikupata nafasi ya kufika. Tangu hapo ushoroba wa Mtwara hadi Mbamba Bay umekaa kwenye mipango, kizazi hadi kizazi, hadi lami ilipokamilika kipande kwa kipande: Songea hadi Namtumbo, Namtumbo hadi Tunduru, Mbinga hadi Mbamba Bay. Lami hiyo ni neema kubwa, na mtu aliyewahi kulala njiani na lori masika kabla haijaja hahitaji kuelezwa thamani yake.

Hata hivyo lami peke yake haijaleta uhakika. Mei 2024, mvua zilizoandamana na kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi maeneo ya Somanga, na magari yakalala barabarani pande zote mbili. Anayetoka Songea kwa njia ya Tunduru na Masasi aligundua kwamba umbali wake hadi Dar es Salaam haukuwa na namba tena.

Dakika 80 za angani

Sasa twende kwenye ndege. Saa moja na dakika 20 si mwendo mmoja. Dakika kadhaa huishia ardhini, injini zikiwa zimewashwa. Kisha ndege hupanda kwa muda, ikienda mbele polepole kuliko uwezo wake kwa kuwa nguvu zinatumika kupata kimo. Katikati ndipo hukimbia kwa mwendo wake kamili, halafu hushuka kwa muda mwingine na kungoja zamu ya kutua. Ndiyo maana safari fupi haiwezi kufupishwa sana kwa kununua ndege yenye mbio zaidi. Jeti ingeokoa pengine robo saa au dakika 20 kati ya Songea na Dar es Salaam, kwa sababu sehemu kubwa ya safari ni kupanda na kushuka.

Songea iko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,000. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani, na jua likipanda inazidi kuwa nyepesi. Bawa linalobebwa na hewa nyepesi linahitaji mwendo mkubwa zaidi ili liinuke, na mwendo mkubwa unahitaji njia ndefu zaidi ya kurukia. Rubani ambaye angeruka Dar es Salaam na mzigo kamili anaweza kulazimika kupunguza mafuta, mizigo au abiria akiwa kwenye uwanja mfupi wa nyanda za juu saa saba mchana. Mtu aliyekaa kwenye benchi akingoja anaona begi lake limebaki, na haelezwi kwamba hesabu ya joto, kimo na urefu wa lami ndiyo iliyolibakiza. Kwa hiyo fedha zilizowekwa kwenye lami ya Ruhuwiko hazikuwa za urembo. Kila mita ya njia ya kurukia, kila taa na kila chombo cha kupimia hali ya hewa ni kilo za mzigo na ni safari ambayo haitaahirishwa.

Viwanja vya pembezoni vina jambo zito zaidi ya ratiba. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka Ziwa Victoria ilipokuwa ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Ilikuwa na watu 43, na 19 walipoteza maisha. Wavuvi ndio waliowahi kufika na kuwaokoa wengi. Bukoba iko pembe ya kaskazini magharibi ya nchi kama sisi tulivyo pembe ya kusini, na funzo lake linatuhusu moja kwa moja: kiwanja kidogo kinahitaji taarifa sahihi za hewa, vifaa vya kumwongoza rubani na kikosi cha uokoaji kilichoandaliwa kwa mazingira yake, sawasawa na kiwanja kikubwa. Sitaki mtu anisome vibaya. Rubani akiahirisha safari kwa sababu mawingu yameshuka hadi juu ya milima ya Matogoro, amefanya kazi yake vizuri na anastahili heshima. Kazi ya wenye mamlaka ni kupunguza siku ambazo atalazimika kuahirisha.

Saa za kungoja

Lakini yote hayo, mwendo wa ndege na urefu wa lami, ni sehemu ndogo ya umbali wa Songea. Sehemu kubwa ni kungoja.

Nilikuwa kwa wakala wa tiketi hapa mjini, mama mmoja akaingia na binti yake. Bahasha ya hospitali ilikuwa imefungwa kwenye pindo la kitenge.

“Shikamoo, mama,” kijana wa tiketi akamwamkia.

“Marahaba, mwanangu. Wameniandikia kliniki Muhimbili siku ya Alhamisi. Ndege ipo lini?”

Kijana akatazama kompyuta. “Ya kesho imejaa, mama. Inayofuata ni Ijumaa.”

Mama akamtazama binti, binti akatazama chini. “Basi nikatie la alfajiri,” akasema.

Mama yule alikuwa na fedha ya ndege. Walikuwa wameichanga ndugu. Alikuwa na uwanja wa ndege umbali wa bodaboda, na ndege inayofika kwa dakika 80. Akaenda kukaa saa 14 na mgongo wake mgonjwa, kwa sababu ratiba haikuwa na nafasi yake. Kwake yeye Songea ilikuwa mbali kwa kilomita 950 siku ile, na ramani ya ndege haikumhusu.

Tuifanyie hesabu hali ya mama yule. Tuseme ndege inakuja mara tatu kwa wiki, zikiwa zimepangwa kwa nafasi sawa. Wiki ina saa 168, kwa hiyo kutoka ndege moja hadi nyingine ni saa 56. Mtu aliyepatwa na haja ya ghafla, wakati wowote, atangoja kwa wastani nusu ya hizo: saa 28. Ongeza saa mbili za kufika uwanjani na kukaguliwa, saa moja na dakika 20 za angani, na saa moja na nusu za kuchukua mzigo na kupenya foleni ya Barabara ya Nyerere. Jumla ni karibu saa 33.

Sasa basi. Likiwa linaondoka kila siku alfajiri, wastani wa kungoja ni saa 12. Ongeza saa 14 za njiani na moja ya kufika unakokwenda: saa 27. Basi linalotambaa Kitonga nyuma ya malori linaishinda ndege yenye mwendo wa kilomita 600 kwa saa. Na tangu Serikali iliporuhusu tena mabasi ya usiku mwaka 2023, baada ya marufuku ya miaka mingi, kungoja kwa abiria wa basi kumepungua zaidi pale yanapopatikana.

Badilisha jambo moja tu kwenye hesabu hiyo: ndege ije kila siku. Ndege ni ileile, anga ni lilelile, kilomita ni 580 zilezile. Kungoja kunashuka kutoka saa 28 hadi 12. Safari nzima inakuwa kama saa 17, na ndege inalishinda basi kwa saa 10. Hata kuongeza safari moja tu, kutoka tatu hadi nne kwa wiki, kunaokoa saa saba za kungoja kwa wastani. Hakuna injini yoyote duniani itakayookoa saa saba kati ya Songea na Dar es Salaam, kwa kuwa safari yenyewe haifikii saa mbili.

Weka pia siku ambayo safari imefutwa. Ndege zikiwa tatu kwa wiki, kufutwa kwa moja kunamwongezea abiria saa 56. Zikiwa za kila siku kunamwongezea 24. Kwa hiyo wingi wa safari ni uhakika pia, na abiria mwenye uhakika hanunui tiketi ya basi ya akiba wala hafiki Dar es Salaam siku mbili kabla ya kikao kwa kuogopa kukosa. Gharama hizo za woga, za nyumba ya wageni, za chakula, za siku za kazi zilizopotea, hazionekani kwenye bei ya tiketi, lakini zinalipwa na watu wa kusini kila mwezi.

Huo ndio moyo wa hoja yangu. Kilomita hatuwezi kuzipunguza. Dakika za angani tunaweza kuzipunguza kidogo. Saa za kungoja tunaweza kuzipunguza sana, tena kwa karatasi ya ratiba na utashi wa kuifuata.

Jirani aliye mbali

Kuna umbali mwingine ambao mstari wa Dar es Salaam unauficha. Songea na Mtwara ziko karibu kwenye latitudo moja. Kati ya viwanja vyake viwili ni kama kilomita 500 za anga, na zaidi ya kilomita 650 kwa barabara kupitia Tunduru na Masasi. Makaa ya mawe ya Ngaka yanakwenda bandari ya Mtwara, korosho za Tunduru zinakwenda upande huohuo, na wafanyabiashara, wahandisi na watumishi wanafuata mzigo. Pale ambapo hakuna ndege ya moja kwa moja kati ya miji hiyo miwili, anayetaka kuruka lazima aende Dar es Salaam kwanza, kilomita 580 kaskazini mashariki, kisha ashuke tena kama kilomita 400 kusini. Karibu kilomita 1,000 badala ya 500, tiketi mbili badala ya moja, na pengine usiku mmoja jijini katikati.

Mtindo wa kuzipeleka ndege zote kwenye kituo kimoja una faida kwa shirika, kwa kuwa unajaza viti. Kwa nchi una madhara. Unaifanya mikoa iliyo jirani isijuane ila kupitia jiji moja. Ndege moja ya pembetatu kwa wiki, Dar es Salaam, Songea, Mtwara na kurudi Dar es Salaam, ingefungua mlango ambao rula inauonyesha waziwazi.

Kaskazini ya mbali walifanyaje

Hatuko peke yetu duniani katika jambo hili. Kaskazini kabisa ya Norway, juu ya mzingo wa Aktiki, kuna miji miwili inayotazamana ng'ambo ya ghuba ya Varanger: Vadsø na Kirkenes. Kati ya viwanja vyake vya ndege ni takriban kilomita 40. Kwa barabara, kuizunguka ghuba yote, ni zaidi ya 160, na majira ya baridi theluji huweza kuifunga. Shirika la Widerøe huruka hapo kwa ndege ndogo za Dash 8, ndugu wa Q400 zetu, safari ya kama robo saa. Ndege hizo zimezoea viwanja vyenye njia ya kurukia ya mita 800 tu.

Kinachonivutia si ndege. Ni mkataba. Kwenye njia ambazo soko haliwezi kuzibeba, serikali ya Norway hutangaza zabuni na kusema wazi: tunataka safari zisizopungua idadi hii kwa siku, viti visivyopungua idadi hii, na nauli isiyozidi kiwango hiki. Kampuni inayoshinda hulipwa ruzuku inayojulikana, na ikishindwa kutimiza, mkataba upo wa kuibana. Wagonjwa wanaokwenda hospitali kubwa ya Tromsø wanategemea mpango huo. Marekani nayo, ilipoyaachia mashirika ya ndege uhuru wa soko mwaka 1978, iliweka pamoja na uhuru huo mpango wa kulinda huduma ya miji midogo, ikiwemo jamii za Alaska zisizo na barabara kabisa. Huko Scotland, ndege kati ya visiwa vya Westray na Papa Westray huruka kilomita 2.7 kwa chini ya dakika mbili, na imekuwepo tangu 1967. Hakuna aliyeifuta kwa kisingizio kwamba umbali ni mdogo. Wanaangalia bahari iliyo kati na watu walio pande mbili.

Nchi hizo ni tajiri, nitaambiwa. Kweli. Lakini somo lenyewe halihitaji utajiri wao. Linahitaji tukubali kwamba njia fulani ya ndege ni huduma ya umma kama ilivyo zahanati, na kisha tuandike ni huduma ya kiasi gani na kwa gharama gani.

Nauli na hasara

Wapo watakaosema ndege ni ya wachache. Wakulima wa mahindi wanaoifanya Ruvuma kuwa ghala la taifa hawapandi Q400, na fedha ingefaa zaidi kwenye pembejeo na barabara za vijijini. Hoja hiyo ina uzito, na anayeishi Mfaranyaki anauona kila siku. Ila mkulima anaumwa pia. Mtoto wake anahitaji daktari bingwa pia. Vipimo, dawa na madaktari wanaokuja kwa kambi za matibabu katika hospitali ya rufaa ya mkoa au pale Peramiho, ambako Wabenediktini wamekuwa tangu 1898, husafiri haraka au polepole kutegemea njia ile ile. Mnunuzi wa kahawa ya Mbinga anayeweza kuja asubuhi na kurudi jioni atakuja mara nyingi kuliko anayehesabu siku nne. Faida ya ndege ya uhakika inawafikia watu ambao hawataipanda kamwe.

Wengine watataja hasara. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimeonyesha hasara ya mabilioni ya shilingi katika shirika letu la ndege, na baadhi ya ndege zake za Airbus ziliwahi kulala chini kwa tatizo la injini lililoyasumbua mashirika mengi duniani. Ni haki ya Mtanzania kuuliza fedha yake inakwenda wapi. Hapo ndipo napendekeza uwazi wa njia kwa njia. Kama safari ya Songea inaingiza hasara, tuambiwe ni kiasi gani kwa mwaka, na Bunge liamue kama hasara hiyo ni bei inayofaa kulipwa ili mkoa mzima uwe ndani ya saa 17 za Dar es Salaam badala ya 33. Hasara iliyofichwa ndani ya jumla ya shirika huishia kukatwa kimyakimya, na wanaokatwa kwanza ni wa mwisho wa njia. Ruzuku iliyoandikwa ina mlinzi.

Tunachopaswa kudai

Kwanza, Mamlaka ya Usafiri wa Anga itangaze hadharani, kila robo mwaka, kwa kila kiwanja cha mkoa: safari zilizopangwa, zilizofanyika, zilizochelewa na zilizofutwa, pamoja na sababu. LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ifanye hivyohivyo kwa mabasi ya masafa marefu. Bila rekodi hiyo, kila mmoja wetu anabaki na malalamiko yake na kila kiongozi anabaki na sifa zake.

Pili, kuwe na idadi ya chini ya safari za ndege kwa wiki kwa kila kiwanja kilichojengwa kwa fedha ya umma. Kujenga njia ya kurukia kwa mabilioni na kuiacha ikae bila ndege siku nne kwa wiki ni kulipa gharama kubwa kwa faida ndogo.

Tatu, viti viwili au vitatu vitunzwe hadi siku moja kabla ya safari kwa ajili ya wenye barua za rufaa, kwa nauli iliyopangwa. Visiponunuliwa, viuzwe. Kwa ndege ya abiria 76 huo si mzigo wa kuangusha shirika.

Nne, barabara ya Londo. Mwaka 2023 Serikali ilitia saini mkataba wa barabara ya zaidi ya kilomita 400 kutoka Kidatu kupitia Ifakara, Lupiro, Malinyi, Kilosa kwa Mpepo na Londo hadi Lumecha, karibu na Songea. Daraja la Magufuli tayari limevuka mto Kilombero pale Ifakara. Njia hiyo ikikamilika, basi halitalazimika tena kwenda magharibi ili kufika mashariki, na zaidi ya kilomita 100 zitaondoka kwenye safari ya Dar es Salaam. Hiyo ni zawadi kwa wote, wenye nauli ya ndege na wasio nayo. Saini imeshawekwa. Wabunge wetu waulize kila kikao mitambo iko wapi.

Tano, na hili ni letu sisi wenyewe: tubadilishe maswali tunayowauliza wanaokuja kuomba kura. Akija mtu na kutuambia ameleta ndege, tumuulize inakuja mara ngapi kwa wiki, na mwaka uliopita ilishindwa kuja mara ngapi. Akisema ameleta lami, tumuulize kama itapitika mwezi wa nne. Akisema Songea sasa ni saa moja na dakika 20 kutoka Dar es Salaam, tumwombe awe na mgonjwa Mfaranyaki Jumanne jioni na atuonyeshe anavyomfikisha Muhimbili kabla ya Alhamisi.

Mababu wa Wangoni walitembea kutoka kusini mwa Afrika, wakavuka Zambezi mwaka 1835, na vizazi vilivyofuata vikaifanya nchi hii kuwa kwao. Hakuna aliye na haki ya kutuambia kwamba tumekaa mbali. Tumekaa kwetu. Mbali ni jambo linalotengenezwa na ratiba, bajeti na maamuzi ya watu wanaojulikana kwa vyeo vyao, na kwa kuwa limetengenezwa na watu, linaweza kupunguzwa na watu. Bajeti ijayo ya Uchukuzi ituandikie saa za Songea, kuanzia mlangoni, na mwaka unaofuata tuzihesabu pamoja tuone kama zimepungua.